Vidole vya Banza kwenye Kibodi ya Wageni

Wanangu mnaofanya kazi pale sekretaria, ofisi ya kuchapa karibu na gare ya treni, najua mnanicheka. Kila nikipita kuwasalimia, kabla hata sijakaa, nanyosha kidole na kubonyeza herufi moja kwenye kila kibodi iliyo wazi. "Mama Ilunga anapima kama tumefuta vumbi," mnasema. Sipimi vumbi. Natazama kama klavye ile ni ya Kifaransa au ya Kiingereza. Nimestaafu, macho yamechoka, vidole vinakakamaa kwa baridi ya Juni, lakini jambo hilo siwezi kuliacha. Leo nitawaambia sababu. Ni habari ya kazi, na ni habari ya mume wangu.

Nyinyi mmeikuta ordinateri, yaani kompyuta, iko mezani. Sisi tulianza na mashini ya chuma ya kuchapia, ile ambayo ukikosea herufi moja kwenye stensili unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unangoja ikauke, huku bosi amesimama mlangoni anakutazama kisogo. Mimi si Mluba. Nilizaliwa upande wa Dilolo, baba alikuwa mtu wa reli, akahamishiwa Kamina, mji wa Waluba, nikiwa bado na meno ya utoto. Nyumbani tuliongea Kichokwe, barabarani Kiswahili, shuleni Kifaransa. Nilipomaliza masomo, ofisi ya misheni ilikuwa inatafuta wasichana wa kupiga mashini. Nikaenda. Mkuu wa chumba cha mashini alikuwa kijana mrefu, Mluba wa Malemba-Nkulu, mashati yake yamepigwa pasi mpaka kwenye kola, jina lake Banza.

Siku ya kwanza alichukua kitambaa cha meza akakitandika juu ya mikono yangu na mashini yote.

"Tata, sioni herufi," nikamwambia, kama mtu anavyomwita baba.

"Weye unatafuta herufi ya nini? Herufi haitembeaka. Iko palepale. Angalia karatasi."

"Na nikikosea?"

"Utakosea. Minyi niko hapa ju ya ile."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Macho kwenye karatasi, vidole kwenye kazi. Banza mwenyewe alichapa akitazama dirishani, kana kwamba maneno yalikuwa yanapita barabarani na yeye anayapokea. Nawaambia nyinyi mnaochapa kwa vidole viwili mkiinamia klavye kama kuku anayedonoa mtama: shingo zenu zitawadai uzeeni.

Kisha wamisionari wakaleta ordinateri za kwao, na kibodi za kwao. Hapo nilikiona cha mtema kuni. Kwenye klavye ya Kifaransa, A iko juu kabisa kushoto. Kwenye ya Kiingereza, mahali pale wamekaa na Q, na A imeshuka chini. Z na W nazo zimebadilishana viti. Na M, ambayo Wafaransa wameiweka kuume kwa L, Waingereza wameihamisha chini. Pale ilipokuwa wameweka nukta mkato, na ukitaka M kubwa unapata nukta mbili. Vidole havikuambiwa habari hiyo. Barua yangu ya kwanza kwa mkuu wa wilaya, badala ya "Monsieur l'Administrateur", ilitoka hivi: ":onsieur l4Qd;inistrqteur". Banza aliishika, akasimama katikati ya chumba, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma neno la Mungu: "Nukta mbili-onsieur!" Tulicheka mpaka mmisionari akatoka ofisini kwake kuuliza nani amefunga ndoa.

Basi akatufundisha: ukikalia kibodi usiyoijua, chapa kwanza jina lako. Mimi ni Marthe. Ikitoka "Marthe", endelea na kazi. Ikitoka ":qrthe", mwombe mwenye mashini radhi, kisha badilisha mkao wa herufi ndani ya ordinateri. Na kama huna ruhusa ya kubadilisha, kariri namba: ukishika Alt na kupiga 130 unapata é, 133 unapata à, 138 unapata è. Namba hizo zimo kichwani mwangu mpaka leo, hata pale ninaposahau nimeweka wapi miwani.

Kulikuwa pia na mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Mwislamu aliyetoka mbali, kaskazini huko. Alifiwa na binti yake mdogo, akataka jina lake kwa Kiarabu, lichongwe kwenye kaburi. Hakuna aliyejua Kiarabu ofisini. Banza akatafuta mkao wa Kiarabu ndani ya ordinateri, akamketisha yule baba karibu yake, na wakatafuta herufi moja moja, kidole cha mmoja kikifuata kidole cha mwingine. Mstari ulikuwa unakimbia kwenda kushoto, na kila herufi ilipopata jirani ilibadilika umbo na kumshika mkono. Kabla ya kuanza Banza alimwuliza: "Jina yake mulikuwa munaiita namna gani nyumbani?" Yule baba akalitamka. Banza akalirudia mpaka likatoka vizuri. Ndipo akachapa. Baadaye alituambia kwamba jina la mtu halichapwi kabla halijapita mdomoni. Nilimpenda siku hiyo, ingawa nilikuwa nimeshakubali posa yake tangu kiangazi.

Nyumba yetu iliongea Kiswahili. Ingeongea nini kingine? Yeye Kiluba, mimi Kichokwe. Mtoto wetu Ilunga alilelewa kwa Kiswahili, akaongezewa Kifaransa shuleni. Mimi kwa miaka yote ya kazi nilichapa Kiluba: nyimbo, mafundisho, matangazo ya ibada. Niliandikiwa kwa mkono, nikachapa. Vidole vyangu vilikijua Kiluba kuliko masikio yangu. Niliweza kuwaambia neno limekosewa tahajia bila kujua neno hilo maana yake nini. Msishangae, mpiga mashini yeyote atawaambia vivyo hivyo.

Banza alikiongea Kiluba na mama yake tu, na dada yake Ngoie. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Malemba-Nkulu, sauti ya mume wangu ilishuka chini kidogo, ikawa kama ya kijana. Nilipenda kuisikia kutoka jikoni.

Kisha wanamgambo wakaingia vijijini kule. Mnajua habari zile, wengine wenu mlizaliwa njiani. Watu walikimbia kwa miguu na kwa mitumbwi. Mama mkwe alikuwa na Ngoie. Ngoie alifika Kamina, mama hakufika. Alifia njiani, kando ya Lualaba, akazikwa pale na watu waliokuwa wanakimbia naye. Barabara ilikuwa imefungwa, Banza hakuweza kwenda. Tulikaa kilio bila maiti. Baada ya hapo, kila nilipomgusia habari za mama yake, alinijibu kwa upole uleule: "Ilishapita, Mama Ilunga." Akageukia kazi yake. Ngoie naye akapata nyumba ng'ambo ya reli, akaanza kuuza samaki wakavu sokoni, na kaka hakumwuliza dada, dada hakumwambia kaka.

Tukastaafu. Asubuhi moja ya Jumapili Banza alikuwa anafunga kamba za viatu aende ibadani. Nikasikia kitu kimeanguka chumbani. Nilimkuta sakafuni, macho wazi, mdomo umevutwa upande mmoja. Hospitali walisema damu imeziba kichwani. Aliporudi nyumbani mkono wa kuume ulikuwa umelala, mguu wa kuume pia, na maneno yalikuwa yamekwenda. Sauti ilibaki moja tu, kama ya mtu anayeanza kusema "eee" na kukatizwa. Nilimwita, nikamwuliza kwa Kiswahili chetu: "Baba Ilunga, unataka nini?" Alinitazama kama mtu anayetazama kutoka upande wa pili wa kioo. Nilimwandikia karatasini kwa herufi kubwa. Akaitazama, akageuza uso.

Ilunga ni dereva wa malori ya njia ya Zambia. Alipopata habari alikuja, amebeba ordinateri ndogo ya kukunja aliyoinunua kule mpakani.

"Mama, tata iko muntu ya klavye," akasema. "Kama mudomo inakataa, vidole itasema."

Akamweka baba yake kwenye kiti, akampakatisha ile mashini. Mimi nilikuwa uani nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Baadaye Ilunga alinieleza alivyoona: mkono wa kushoto ulikaa kimya kidogo, kisha ukatambaa, kidole cha shahada kikatafuta kile kipele kilicho juu ya F, ambacho kimewekwa kwa ajili yetu sisi tusioangalia chini. Kilipokipata, Banza akainua macho akatazama dirishani. Akaanza kuchapa.

"Mama, kuya uone," Ilunga akaniita. Sauti yake haikuwa ya furaha.

Niliingia na mchi mkononi. Kwenye ekra, kile kioo cha ordinateri, palikuwa na hivi:

;e;q ;e;q lolo ;e;q

"Nashafuta mara mingi," Ilunga akasema. "Anarudilia paka bile bile, ni ile ile tu. Na ile lolo, lolo, kama mutoto muchanga. Mama, akili ya tata ilishaenda."

Banza akachapa tena. Mkono wa kushoto ulipita taratibu, kuume kabisa, kisha kushoto, kisha kuume, kisha kushoto tena. ;e;q. Hakuwa anatazama ekra. Alikuwa anatazama nje.

Niliona ile nukta mkato, na ile q mahali pasipo na kazi ya q. Mtoto wangu alikuwa amenunua kibodi ya Kiingereza. Vidole vya Banza vilikuwa vinachapa Kifaransa. Pale ilipotoka nukta mkato, yeye alikuwa amepiga M. Pale ilipotoka q, alikuwa amepiga A.

"Mema," nikasoma.

"Nini?"

"Mema. Anasema mema. Ni maji, Ilunga. Kwa Kiluba ni maji, hata sokoni wanasema hivyo."

Tangu atoke hospitali tulikuwa tunamlisha uji mwepesi na chai kwa kijiko. Maji matupu tuliyaogopa, yasimpalie. Nilitupa mchi, nikachota maji mtungini. Nilimwinua kidevu, nikampa kidogo kidogo. Nusu iliteremka upande wa mdomo uliolala, ikalowanisha shati. Nusu aliimeza. Akafumba macho. Akameza tena. Ilunga alitoka nje, akasimama ameuegemea ukuta kwa paji la uso, mabega yakitikisika. Banza alipokunywa cha kutosha, mkono wake wa kushoto ukarudi kwenye kibodi.

zqfzqko

Hilo nalo nililijua, kila mtu wa Kamina analijua. Wafwako. Asante.

Nikaketi chini nikalia, halafu nikafanya kazi. Niliingia kwenye mipangilio ya mashini, nikaiambia kibodi ijifanye ya Kifaransa. Herufi zilizochorwa juu ya vibonye zilibaki za Kiingereza, zikidanganya, lakini Banza hakuzitazama maishani mwake, angezitazama siku hiyo kwa nini? Kuanzia hapo maneno yakatoka safi.

Yalitoka safi, na mimi sikuyaelewa. Kiswahili kilikuwa kimefutika, Kifaransa kimefutika. Muuguzi mmoja aliniambia kwamba hutokea hivyo, lugha nyingine zinaondoka na kubaki ile mtu aliyonyonya. Alikuwa amebaki na Kiluba tu. Na mimi, niliyechapa Kiluba tangu ujana wangu, nilikaa mbele ya maneno ya mume wangu nikiona kwamba kila herufi iko mahali pake, na maana hakuna. Neno moja nilimwuliza jirani: lolo. Akasema, "Lolo ni mama."

Nikamwendea wifi yangu Ngoie sokoni. Nilikuwa nimenakili maneno ya asubuhi ile kwenye karatasi. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea, na matamshi yangu yalikuwa kama ya redio yenye betri mbovu.

"Soma tena," akasema. "Pole pole. Unasoma kama mzungu."

Nikasoma tena. Mkono wake ulikuwa unapanga samaki, ukasimama.

"Anauliza nini?" nikamwuliza.

Alifunika samaki kwa gunia, akafunga kilemba upya.

"Anauliza nilimulazaka mama wapi."

"Hukumwambia?"

"Hakuniulizaka, Marthe. Minyi nilingoya aulize. Miaka yote ile nilingoya."

Tukavuka reli pamoja. Ngoie aliketi mkekani miguuni pa kaka yake, akaanza kusema kwa Kiluba. Nilishika neno moja hapa, moja pale: mto, njia, mama. Alisema kwa muda mrefu, akichora kwa kidole juu ya mkeka: huku maji, huku mti, huku njia ya kwenda Bukama. Banza alimtazama usoni. Mara ya kwanza tangu alipoanguka, hakuwa anatazama dirishani. Mwisho mkono wake ulienda kwenye kibodi. Nikamsomea Ngoie kilichotoka. Ngoie akafunika uso kwa viganja.

"Anauliza mama alifunikwa na nini."

"Na wewe ulimfunika na nini?"

"Na kikwembe yangu. Nilikuwa nayo mbili, nikavua ya juu." Kisha akamwambia Banza maneno hayohayo kwa Kiluba, akionyesha kiunoni pake.

Banza alilia. Alilia na upande mmoja wa uso, ule mwingine ukabaki umetulia kama hauhusiki. Akamshika dada yake kifundo cha mkono kwa ule mkono wa kushoto, hakuuachia mpaka jua lilipofika kizingitini. Mume wangu alikuwa amebeba swali hilo katika lugha ambayo hatukuwa nayo nyumbani. Kwa Kiswahili jibu lilikuwa "ilishapita". Kwa Kiluba haikuwa imepita hata kidogo.

Kuanzia siku ile nikaamua kujifunza. Wanawake wa umri wangu wanajifunza kushona, mimi nikajifunza lugha ya mume wangu. Ngoie alikuja kila alipotoka sokoni, ananuka samaki, akaketi nasi. Yeye alinipa maneno ya mdomo, Banza alinipa maneno ya vidole. Nilikuwa na faida moja: tahajia nilikuwa nayo tayari, ilikuwa imekaa mikononi miaka yote kama nyumba iliyojengwa bila watu. Sasa watu walikuwa wanahamia. Neno nililolichapa mara nyingi katika wimbo fulani nikagundua maana yake ni "ukungu". Jingine ni "kuvusha". Nilikuwa nikivusha watu bila kujua.

Banza alinihadithia utoto wake kwa mkono mmoja. Mitego ya samaki kwenye maziwa. Baba yake aliyeogopa radi. Mimi nilichapa chini ya maneno yake, yeye akasahihisha. Ndiyo, alinisahihisha, vilevile kama siku za kitambaa. Nilipothubutu kumwambia kwa mdomo wangu, kwa Kiluba, kwamba nimefurahi kumsikia, sijui niliipandisha sauti mahali gani, ikawa nimesema jambo jingine kabisa. Banza alitoa ile sauti yake moja, "eee", ikakatika, ikaja tena, ikakatika, na tumbo lake likatikisika. Alikuwa anacheka. Mpaka leo Ngoie anakataa kuniambia nilisema nini.

Hatukupata muda mrefu. Mvua zilipoanza, homa ilimshika kifuani. Alikuwa anachapa kidogo, neno moja, anapumzika. Mchana mmoja mkono wake ulikaa juu ya kibodi bila kubonyeza, kidole cha shahada kwenye F, nikangoja. Niliendelea kungoja hata baada ya kujua.

Ndugu zake walikuja, wengine kwa treni, wengine kwa pikipiki kutoka upande wa Bukama. Wanawake waliketi chini ukumbini, Ngoie katikati, wakaanza kulia kwa maneno kama inavyoliliwa kwao, mmoja anatupa sentensi, wengine wanaipokea. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani, miguu imenyooshwa kama mjane anavyoketi. Nikatambua kwamba nasikia. Sikusikia kelele za msiba tu. Nilisikia maneno.

Ilunga alikuja akachuchumaa nyuma yangu, bado amevaa koti la safari.

"Mama," akaninong'oneza sikioni, "beko nasema nini?"

Mimi, mtoto wa Dilolo, nikamgeukia mtoto wa Banza.

"Banaambia nkambo yako, mama ya tata," nikamjibu. "Banasema: Lolo, mutoto wako anakuya, hana viatu, njia ilikuwa murefu. Mutengenezee pa kulala."

Wanawake wakairudia sentensi ile, Ngoie akiitanguliza.

"Nifundishe," Ilunga akasema. "Neno moja moja."

Nikaanza na la kwanza. Akalirudia kwa sauti, akakosea. Ngoie akageuza kichwa, akamtazama kwa macho yake mekundu, akalitamka polepole. Ilunga akalirudia tena.